Miguu Chini ya Sola

Jumatatu, 7 Julai. Jinja

Nimeosha paneli za safu za chini kabla jua halijakolea. Maji yameteremkia kwenye sukuma wiki kama kawaida. Kuosha na kumwagilia kwa mkono mmoja, ndiyo raha ya kazi hii. Nyanya za kivulini zimechelewa kuiva lakini hazina doa hata moja. Zile za nje ya uzio zimekauka kama tumbaku.

Wanawake wa Bugembe wamekuja kununua dodo, mchicha wa huku. Wamecheka buti zangu za mpira, eti natembea kama askari. Nikawaambia baba yangu alikuwa askari. Wakaacha utani, wakachagua mboga zao.

Injinia Paresh amekuja wakati wa chai. Shamba jipya la Mbale limeshafungwa paneli upande wa chini. Anataka niende nikaanzishe upandaji, na niwepo nguzo za upande wa juu zitakapopigiliwa. "Wewe ni mtu wa kule, Zaituni. Watakusikiliza."

Nimesema sawa. Nilijua itafika siku hii. Ardhi yenyewe ni yetu, mimi na kaka yangu Mafabi. Tuliikodisha kwa kampuni wenyewe, kwa mikono yetu.

Sitaki kwenda.

Alhamisi, 10 Julai. Walukuba

Nimefunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena.

Naandika Kiswahili. Mama hakukipenda hata siku moja, alisema ni lugha ya watu wa bunduki. Baba alikileta nyumbani kutoka kambini, pamoja na ukimya wake. Mimi na mdogo wangu Rehema tukakifanya lugha yetu ya siri, kwa kuwa mama alijifanya hasikii. Sasa nimebaki nacho peke yangu.

Mlima ulipobomoka Rehema alikuwa ndani ya nyumba ya wazazi, pale chini ya mlima Wanale. Wazazi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa hapa Jinja. Watu walichimba mpaka mvua ikawafukuza. Wengine walitolewa. Rehema hakutolewa. Sheikh akamswalia janaza bila mwili, nami nikasimama nyuma nikiangalia mahali ambapo jeneza lilipaswa kuwa.

Tangu hapo nikienda Mbale naishia kwa Mafabi, barabarani. Sijawahi kupanda tena mpaka pale.

Mafabi husema miaka imepita. Kwangu haijapita.

Jumamosi, 12 Julai. Mbale

Nimefika. Mke wa Mafabi amepika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, akaniongeza bila kuniuliza. Mafabi ameota mvi. Tumeongea habari za watoto, za kahawa, za barabara. Hakuna aliyetaja jina.

Jioni nikatoka kuangalia. Paneli zimetandazwa kuanzia barabarani hadi katikati ya mteremko. Juu yake kuna kipande kitupu, majani matupu marefu. Nyumba ilikuwa humo mahali fulani. Nimesimama nikitafuta alama. Mgomba wa nyuma ya jiko, hakuna. Mfereji, hakuna. Mlima umefuta kila kitu, kisha ukaotesha majani kana kwamba hapakuwahi kuwa na watu.

Wanale umekaa pale pale juu, na maporomoko yake ya maji meupe. Mzuri. Nauchukia.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza. Maharage safu za chini, vitunguu katikati. Vibarua ni watu wazima wa hapa hapa, wanafanya kazi vizuri. Wananiita afande kwa sababu ya Kiswahili changu.

Paneli za hapa ni za chini kuliko za Jinja, ukingo wake unanifika kifuani. Ukiinama kwenye safu yako, mtu wa safu nyingine humwoni, ila kuanzia magoti kushuka. Kufikia saa nne tulikuwa tumeshajuana kwa viatu. Huyu peku, yule raba nyekundu, mimi buti.

Mchana wenzangu wamekwenda kula. Mimi nikabaki nikirekebisha mpira wa maji.

Nikaona miguu.

Safu kama tatu juu yangu. Ndara za bluu. Kitenge cha kijani chenye duara za njano, kinafika kwenye vifundo vya miguu. Inatembea polepole, inasimama, inatembea tena.

Rehema alikuwa na kitenge hicho. Nina picha yake amekivaa, imo kwenye simu yangu hii.

Nikaita, "Nani?" Miguu ikasimama. Hakujibu mtu. Nikazunguka mbio hadi mwisho wa safu. Hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamelala kidogo. Pengine ni upepo, pengine ni sisi asubuhi.

Sikula.

Jumanne, 15 Julai

Imerudi. Wakati ule ule, jua la utosi. Sikuita. Nimechuchumaa chini ya paneli nikaiangalia inavyopita. Ilikuwa inaelekea juu, kwenye kipande kitupu. Mashine ya umeme ilikuwa ikinguruma nyuma yangu.

Naogopa. Siogopi kwamba atanidhuru. Naogopa kwamba atageuka.

Nimeswali adhuhuri chini ya paneli. Nimekosea rakaa.

Alhamisi, 17 Julai

Si mimi peke yangu.

Wekesa, yule wa raba nyekundu, amekuja kusimama mbele yangu ameshika kofia. "Afande, mimi huko juu siendi tena. Huko kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa miguu tu."

Nilitakiwa kucheka. Ndiyo kazi ya msimamizi. Nikamwambia abaki na maharage ya chini. Wengine wawili wakasikia, nao wakashuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini nimekubali upesi hivyo.

Paresh amepiga simu. Mashine ya kupigilia nguzo itafika Jumatatu. Anataka nguzo za juu zimalizike kabla mvua haijaanza. Nikamwuliza nguzo zinaingia chini kiasi gani. Akasema zaidi ya urefu wangu.

Zaidi ya urefu wangu. Rehema alikuwa mfupi kuliko mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimegombana na Mafabi. Baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa njiani, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia sitaki nguzo upande wa juu. Nikamwambia na habari ya miguu.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Amesimama katikati ya njia, watu wanatupita na kanzu zao.

"Unafikiri kwa nini nilikubali sola?" akasema. "Mimi ni mkulima. Nilijaribu kulima pale. Kila nikiinua jembe, mkono unakataa kushuka. Naogopa nitakachokipiga. Watu wa sola wakaja, nikasema Alhamdulillahi, wacha wafunike. Wafunike, nisiione tena."

"Hawafuniki, Mafabi. Wanatoboa."

"Basi watoboe wao! Siyo mimi!"

Akaenda mbele, nikabaki nyuma yake. Tumefika nyumbani kila mtu na njia yake. Chakula tumekula kila mtu na sahani yake, ukumbi mmoja.

Sikujua. Miaka yote nilidhani yeye amesahau na mimi ndiye ninayekumbuka.

Jumatatu, 21 Julai

Mashine imekuja. Kelele zake zinagonga mlimani na kurudi. Nguzo ya kwanza imeingia vizuri. Ya pili vizuri. Kila pigo nalisikia kwenye meno.

Ya tatu ikakataa. Ikapinda. Dereva akaichomoa ili aanze upya pembeni, na nguzo ikatoka na bati. Bati la paa, limekunjika kama karatasi. Baada ya bati, kipande cha ubao chenye rangi ya bluu.

Mlango wa jikoni. Baba aliupaka rangi mwenyewe, rangi iliyobaki ya kambini. Sisi wawili tulikuwa tumekaa kizingitini tukimwangalia, na Rehema akagusa kabla haijakauka, akachapwa.

Dereva alikuwa anasogeza mashine. Sikumbuki kwenda. Nakumbuka tu nimesimama mbele yake na mikono juu, na yeye anapiga kelele, na Wekesa ananishika kiunoni. Nimesema, "Zima. Zima. Zima." Akazima.

Vibarua wote wakavua kofia.

Mafabi aliitwa. Alikuja mbio, akauona ubao, akakaa chini kwenye majani kama mtu aliyekatwa miguu.

Jumanne, 22 Julai

Paresh amekuja mwenyewe kutoka Jinja. Nilijiandaa kufukuzwa kazi. Nimevaa gauni safi kabisa, kana kwamba naenda mahakamani.

Amekiangalia kipande kile kwa muda mrefu. Akaushika ule ubao, akaurudisha pale pale taratibu.

"Mbona hukuniambia, Zaituni?"

"Ningeanzia wapi, bwana injinia?"

Akakaa juu ya jiwe. Akasema bibi yake alifia Jinja, wakamchoma kama ilivyo mila yao, wakamwaga majivu yake kwenye Nile. Hupita darajani kila siku akienda kazini. "Kila siku namsalimia. Mimi najua wangu alipo."

Kisha akavaa tena uso wa kazi. Udongo wa hapa ni kifusi, akasema, nguzo haziwezi kushika. Ndivyo atakavyowaambia wakubwa, na si uongo. Sehemu ya juu haitawekwa sola. Mashine inaondoka kesho. Kama tunataka kuchimba, tuchimbe kwa mikono, yeye hakuona kitu.

Nilitaka kumshukuru.

Mafabi ndiye aliyesema, "Kesho asubuhi."

Jumatano, 23 Julai

Tumechimba. Mafabi amepiga jembe la kwanza. Safari hii mkono ulishuka. Vibarua walikuja wote, hata Wekesa, wakasema leo si kazi ya kampuni. Tumetoa bati zaidi, sufuria, mguu wa kitanda. Majirani wamesimama pembeni, hawasogei.

Mchana nikashuka kunywa maji chini ya paneli. Nikaiona miguu. Ndara za bluu, kitenge cha kijani. Karibu sana, safu ya pili tu.

Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikapiga magoti, nikatambaa chini ya paneli, vitunguu vikakatika, nikatokea mbele yake.

Akapiga ukelele. Nami pia.

Mwanamke mzee. Kukhu, yaani bibi, Nambozo, wa nyumba ya juu kidogo ya kwetu zamani. Nilimdhani amekufa. Alimpoteza mume wake, mzee Wamono, siku ile ile, naye hakupatikana. Sasa anaishi kwa binti yake ng'ambo ya kijito. Alikuwa ameshika kifua, ananitazama buti.

"Ni wewe," akasema. "Basi ni wewe tu."

Akaanza kulia. Nikamkalisha. Maneno yalitoka kidogo kidogo, Lumasaba na Kiswahili pamoja. Kila mchana hupita njia ya pembeni ya uzio akienda kuteka maji. Siku moja akatazama chini ya paneli akaona buti za mpira nyeusi zinatembea. Za Wamono. Mzee alikuwa hazivui, hata kanisani alikwenda nazo. Akapenya uzio kumfuata. Kila mchana amekuja kumtafuta. Aliposikia sauti inaita "Nani?", alikimbia, kwa sababu haikuwa ya mume wake.

Na mimi nimekuwa nikimfuata yeye.

Nikamwuliza habari za kitenge. Akakishika pindo, akashangaa kwamba sijui. Mwaka wa tohara ya mtoto wa Mafabi wanawake wote wa hapa walishona sare. Rehema ndiye aliyechagua rangi. Mimi nilikuwa Jinja kazini, sikuja.

Tumekaa pale mikono imeshikana, wote wawili tumeaibika na tumevunjika moyo. Sikujua mpaka leo kwamba nilikuwa natumaini.

Kitu kimoja tu. Jumanne ya wiki iliyopita, anasema, hakuja. Alikuwa zahanati na binti yake, mguu ulivimba. Jumanne ile mimi niliiona miguu. Sikumwuliza tena.

Ijumaa, 25 Julai

Tumempata Rehema.

Mafabi alikuwa wa kwanza kuona. Akanyoosha mkono kuzuia wengine, akaniita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa karibu na mlango. Alikuwa anatoka.

Mifupa ni midogo. Sikutegemea iwe midogo vile. Bangili yake ya shaba ilikuwa bado mahali pake. Kitenge hapana, udongo umekila.

Sikulia. Nilifikiri nitapiga mayowe mlima usikie. Nikaingia shimoni, nikampangusa udongo kwa kanga yangu, kama anavyopanguswa mtoto aliyetoka kucheza. Nikamsemesha Kiswahili, maneno yetu ya kijinga. Mafabi akageuka upande. Wanaume wote wakageuka upande.

Kukhu alikuja kusimama ukingoni. Akauliza, "Peke yake?"

Nikasema, "Peke yake, Kukhu."

Akaitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama.

Jumapili, 27 Julai

Tumemzika jana, makaburi ya Waislamu, jirani na mama. Watu wengi. Sheikh ni yule yule, amezeeka. Safari hii jeneza lilikuwepo. Nililitazama mpaka macho yakauma.

Leo Mafabi na vibarua wamerudi kuchimba, kumtafuta mzee wa Kukhu. Wamechimba juu, ilipokuwa nyumba yake, kisha kushoto, kisha chini kidogo. Mawe makubwa kama ng'ombe. Udongo ukaanza kuporomoka kwenye shimo, Wekesa nusura afukiwe. Mafabi akasema waendelee kesho.

Kukhu akasema hapana. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chai. "Mlima ukichukua kijana wa mtu kwa ajili ya mzee wangu, mimi nitalala vipi? Fukieni."

Wakafukia. Sepetu ziligonga mawe mpaka jioni.

Naona haya mbele yake. Nimepata na yeye hajapata. Tulikuwa sawa na sasa hatuko sawa. Nimemwambia hivyo waziwazi. Akaniambia nisimletee mambo ya mizani, nimletee sukari.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua ya kwanza.

Ilitukuta shambani mimi na Kukhu. Tulikuwa kwenye kipande cha juu, kile kisicho na sola, tunapanda viazi vitamu. Mafabi amekipima, akakigawa katikati, nusu ametupatia sisi. Nusu nyingine ni yake, ameanza kulima mwenyewe. Asubuhi nilimwona anapiga jembe huku anaimba kwa pua.

Tumekimbilia chini ya paneli. Maji yalikuwa yanashuka kwenye ukingo kama pazia, yanaangukia mstari mmoja, mferejini, na mferejini yanakwenda kwenye vitunguu. Kukhu akaingiza mkono kwenye pazia lile, akanawa uso. Akauliza kama umeme haudondoki na maji. Nikamwambia haudondoki. Hakuniamini, akasogea katikati.

Nilikuwa natazama safu za mbele. Nimezoea kutazama. Maharage yameshatoa majani yake mawili mawili. Hakukuwa na miguu. Siku kadhaa sasa hakuna. Nimejisikia nafuu na nimejisikia mpweke, vyote pamoja, na sijui nifanye nini na hilo.

Kukhu akanielekezea juu, kwenye mawe. Akasema kama Wamono yuko pale basi leo analowa, na atakuwa anagomba, maana alikuwa hapendi kulowa. Akasema Rehema naye alikuwa mgomvi, walikuwa wanagombana kwa kuku kila wiki. Sikuwahi kusikia habari za kuku. Nikamwambia anisimulie.

Akasimulia mpaka mvua ikakatika. Halafu tukatoka. Udongo ulikuwa laini, marando ya viazi yalikuwa bado mengi kwenye gunia, na jua lilikuwa halijashuka sana.